Geuza Stuli Uone Chini

Jirani akikuita uje uone stuli aliyoitengeneza kwa mikono yake, msifu kwanza, maana ndiyo adabu. Kisha omba ruhusa uigeuze miguu juu. Huko chini ndiko kazi ilipo. Utaona msumari uliopinda ukalazwa kwa nyundo, ulimi uliolegea ukatiwa kabari, alama za penseli alizosahau kuzifuta. Upande wa juu umeshapigwa msasa na vanishi, na vanishi haimfundishi mtu kitu.

Nakuandikia wewe usiye seremala, uliye na msumeno mmoja, nyundo, futi kamba iliyoanza kufutika namba, na Jumapili mchana. Unatengeneza rafu, kigoda, kitanda, banda la kuku, halafu unapenda watu waone, na wenye nia watengeneze vya kwao. Wengi wetu hapa Mombo, mkoani Tanga, tunaonyeshana kazi namna hiyo: mtu anapita, anaona, anauliza umenunua wapi, anaambiwa nimetengeneza mwenyewe, anakwenda kwake kuiga. Shida ni kwamba anaiga alichokiona tu.

Najua ninachosema. Nilipotengeneza rafu yangu ya kwanza ya vyombo nilichukua mbao pana tatu nzuri zilizoshushwa kutoka Lushoto, nikazipigilia misumari ya inchi tatu ukingo kwa ukingo, nikajiona fundi. Kabla wiki haijaisha majirani wawili walishaiga. Mwezi ukapita, joto likafanya kazi yake, na ubao wa kati wa rafu yangu ukapasuka kutoka ncha moja hadi ya pili. Nikaenda kwa jirani wa kwanza kuomba pole, nikakuta wake nao una ufa. Wa pili vilevile. Mtaa ukawa na rafu tatu zenye ufa mahali pamoja, kama watoto wa baba mmoja.

Tangu hapo nina kanuni ya kienyeji: sionyeshi kitu mpaka niwe tayari kumpa mtu mambo matatu, yaani kipimo, upande wa chini, na kosa nililolifanya.

Mbao ishuke, kisha ipumzike

Anza na mbao yenyewe, kwa sababu Mombo si mahali pa kuchezea mbao. Sisi tuko chini, mita 400 hivi kutoka usawa wa bahari, miguuni pa Usambara. Lushoto iko karibu mita 1,400. Kati yetu ni barabara ya kilomita 33 hivi inayojikunja kupitia Soni, na mwendo huo mfupi unatosha kuitoa mbao kwenye ukungu na kuiweka kikaangoni. Ubao uliokauka kwa kiasi cha Lushoto bado ni mbichi kwa kiasi cha Mombo. Ukiufunga kwa misumari siku hiyohiyo uliyoupokea, utasinyaa ukiwa umefungwa, na hauna pa kwenda ila kupasuka.

Kwa hiyo usianze kazi siku ya kununua. Panga mbao kivulini, mahali penye upepo, juu ya matofali ili zisiguse ardhi na mchwa asipate daraja. Kati ya ubao na ubao weka vijiti vya unene sawa, kila baada ya nusu mita, vikae mstari mmoja kutoka chini hadi juu. Vikipishana mbao zitapinda kufuata mapengo. Paka rangi yoyote iliyobaki kwenye ncha za kila ubao, kwa sababu maji hutoka haraka zaidi kwenye ncha na ndiko nyufa zinakoanzia. Juu ya rundo weka mawe.

Utajuaje zimekauka? Wazee hugonga kwa kidole na kusikiliza. Mimi sina masikio hayo. Chukua ubao mmoja, nenda nao dukani kwa jirani mwenye mizani, uupime, uandike uzito na tarehe juu yake. Rudi kila wiki. Ukiona wiki mbili mfululizo uzito haushuki, maji yaliyotaka kutoka yametoka. Ubao wa inchi moja wa msonobari, kwa joto letu, usiutegemee kabla ya wiki kadhaa. Mbao ngumu na nene zinataka uvumilivu wa miezi. Mwenye duka atakucheka wiki ya kwanza. Wiki ya tatu atakuuliza mwenyewe leo ubao umekula kiasi gani.

Hata ukikauka vizuri, ubao hauachi kupumua. Masika unatanuka, kiangazi unasinyaa, na hufanya hivyo kwa upana. Kwa urefu hauchezi kiasi cha kukusumbua. Hapo ndipo rafu yangu ilipokosea. Ubao mpana usiubane pande zote mbili. Bana ukingo mmoja kwa skrubu, na ukingo wa pili tundu la skrubu ulirefushe kwa upana wa ubao liwe na umbo la punje ya mchele, skrubu ipate kuteleza kidogo. Uso wa meza uliopigwa hivyo utaishi nawe. Na jirani akija kuona, mwonyeshe punje hiyo ya mchele kwanza, kabla hajaanza kusifia rangi.

Mbao za kupata huku

Mombo na kazi ya mbao ni marafiki wa zamani. Reli kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1905, na kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia kampuni ya Kijerumani ya Wilkins & Wiese ilikuwa ikipasua mierezi huko juu Shume na kuishusha kwa nyaya zilizotandazwa angani kutoka ukingo wa mlima hadi Mkumbara, ikapakiwa kwenye mabehewa. Mkumbara hiyohiyo ndiko baadaye kilikojengwa kiwanda cha Tembo Chipboards. Chipubodi ni nzuri kwa kabati la ndani, lakini usiiweke karibu na ndoo ya maji: kona ikilowa inavimba kama andazi na hairudi.

Kwa kazi za nyumbani, misonobari na saiprasi ya mashamba ya miti ya Shume ndiyo rahisi kukata na kuranda. Mitiki, ambayo shamba lake kubwa la mkoa huu liko Longuza, Muheza, ni ghali, ila vipande vifupi vinavyobaki kwa maseremala vinatosha miguu ya stuli. Usidharau mabanzi, yale maganda ya gogo yanayotupwa kwenye mashine za kupasulia: ukiyapiga randa upande mmoja yanatoa banda la kuku au kichanja cha kuanikia vyombo kwa bei ya soda. Na kwa kuwa tunakaa kwenye nchi ya mkonge, ile milingoti inayochipuka mmea unapotoa maua, ikishakauka, ni miepesi na imenyooka. Inafaa uzio na kivuli cha mbuzi, haifai kukaliwa na mtu mzima.

Ukinunua, dai risiti. Mazao ya misitu yanasimamiwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na mbao zinazosafirishwa zinatakiwa kuwa na hati ya kusafirishia kutoka kwa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Mbao zisizo na karatasi, hata zikiwa nne juu ya gari la ndugu yako, zinaweza kukulaza kwenye kizuizi. Na mtu akikunong'oneza kwamba anayo kampa au mwerezi "kutoka juu" kwa bei ya kutupa, jiulize juu wapi. Msitu wa Magamba huko mlimani ni hifadhi.

Paleti za malori ya barabara kuu nazo zina faida. Tafuta muhuri uliochomwa ubavuni. Herufi HT maana yake ubao ulipashwa moto mpaka kiini chake kikafika nyuzi 56 kwa dakika 30 au zaidi, chukua. Herufi MB maana yake ilifukizwa kwa sumu ya methili bromaidi. Iache hapohapo, wala usiifanye kuni za kupikia. Isiyo na muhuri nayo, kama huijui ilibeba nini, ni ya banda, si ya jikoni.

Ufito badala ya namba

Sasa kipimo. Seremala wetu huuza na kununua kwa inchi na futi, mtoto wako shuleni anafundishwa sentimita, na wewe una futi kamba yenye zote mbili na macho yaliyochoka. Hapo ndipo makosa huzaliwa. Zaidi ya hapo, mbao ya mbili kwa nne ikisharandwa si mbili kwa nne tena. Ukimtajia jirani "mbili kwa nne" naye akanunua isiyorandwa, vipande vyake havitaingia mahali vilipoingia vyako.

Dawa ni ufito wa vipimo. Tafuta kijiti kilichonyooka, cha pande nne, unene wa kidole gumba, urefu wa kutosha kitu unachotengeneza. Upande wa kwanza weka alama zote za kwenda juu: mguu unaishia hapa, ubao wa kukalia hapa. Upande wa pili weka urefu, wa tatu upana, wa nne mahali pa matundu na ndimi. Alama uzikate kwa kisu, usitumie penseli. Penseli ina unene, na unene huo ukirudiwa mara nane ni pengo la kuingiza kidole. Chora picha ndogo kando ya kila alama: mguu, ubao, tundu.

Kisha kazi yote ifanye kwa ufito, usishike futi kamba tena. Jirani akitaka ya kwake, mpe ufito aende nao. Hahitaji kujua inchi wala sentimita, wala kusoma. Anaweka ufito juu ya ubao, anahamisha alama, anakata. Mwanangu wa darasa la tatu amekata miguu minne ya kigoda kwa ufito na yote ikalingana, jambo ambalo mimi kwa futi kamba nililiweza mara moja kati ya tatu.

Vitu vya kujipinda, kama mgongo wa kiti au bawa la mbuzi ya kukunia nazi, havikai kwenye ufito. Hivyo vikatie kigezo cha boksi la sabuni, uandike juu yake ni cha nini na vipande vingapi. Vigezo vitundike kwenye msumari nyuma ya mlango. Mbuzi hasa usijaribu kuibuni upya: omba iliyo nzuri ya jirani, ilaze juu ya boksi, zungushia penseli. Ulimi wa chuma mwachie mhunzi.

Neno moja kuhusu kukata, maana nimeona watu wazima wakilikosea. Msumeno una unene wake. Kata kando ya mstari, upande wa kipande cha kutupa, mstari ubaki kwenye kipande chako. Mbao ya futi 12 ni mita 3.66 hivi; inatoa miguu minane ya stuli ya sentimita 45 na inabaki sentimita sita hivi, ambazo sehemu yake italiwa na msumeno. Ukikata juu ya mstari, mguu utapungua kipimo.

Na pembe: kama huna guni la kuaminika, pima sentimita 30 upande mmoja wa kona, 40 upande wa pili. Kutoka alama hadi alama ikiwa 50 kamili, kona imesimama. Fremu nzima ya mstatili ijaribu kwa kamba kutoka pembe hadi pembe. Kamba zikilingana, umepatia.

Kitanda cha kamba

Kitu ambacho ningependa kila nyumba ya Mombo irudi kukijua ni kitanda cha kamba. Mkonge uliletwa nchi hii mwaka 1893 na Richard Hindorf, umetuzunguka tangu Mazinde mpaka Korogwe na kwingineko, halafu tunanunua vitanda vya mabomba ya chuma vinavyolia usiku kucha. Kitanda cha kamba hakina msumari hata mmoja. Kamba ikishakazwa ndiyo inayoshika kila kitu, na kadiri unavyolala ndivyo viungo vinavyobanana.

Majina yake yajue, kwa sababu ndiyo utakayomwachia jirani. Miguu ni matendegu. Mbao mbili ndefu za ubavuni ni mifumbati. Mbao mbili fupi, ya kichwani na ya miguuni, ni vitakizo. Kuivika kamba ni kuwamba.

Kwa kitanda cha mtu mmoja, nafasi ya ndani iwe sentimita 180 kwa 90. Matendegu yawe ya mbao ngumu, inchi tatu kwa tatu, urefu wa sentimita 50. Mifumbati na vitakizo viwe vya inchi mbili kwa tatu, visimame kwa upande wa tatu. Kila ncha ichongwe ulimi wa sentimita tano. Hapa kuna siri: mfumbati na kitakizo vinaingia kwenye tendegu lilelile kutoka pande mbili, na ndimi zikikutana katikati zitagombana. Kwa hiyo ulimi wa mfumbati uache nusu ya juu ya ubao, nusu ya chini ikatwe. Wa kitakizo uache nusu ya chini. Zitapita moja juu ya nyingine, na mbao zenyewe kwa nje zitakaa sawasawa. Toboa matundu ya tendegu kwa keekee kwanza, kisha yanyooshe kwa patasi. Ulimi uingie kwa kugongwa kwa kiganja. Ukihitaji nyundo umebana mno na tendegu litapasuka. Ukiingia wenyewe umelegeza mno.

Matundu ya kamba yawe kila baada ya sentimita kumi: 17 kwenye kila mfumbati, manane kwenye kila kitakizo, upana wa milimita 12. Midomo yake izungushie msasa mpaka iwe laini, la sivyo itaitafuna kamba. Sasa hesabu kamba. Nyuzi nane za urefu ni mita 14.4. Nyuzi 17 za upana ni 15.3. Ongeza zinazopita ndani ya mbao na zinazoruka kutoka tundu hadi tundu, karibu mita tano. Jumla inafika 35 hivi. Nunua 40, ya katani, unene wa milimita nane.

Na kamba isiwe na maji. Hili nililijua kwa aibu. Nilikwenda kwa mzee mmoja wa mtaa wa pili, mjuzi wa kuwamba, nimebeba kamba kwenye ndoo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kamba unaipeleka kuoga?"

"Nimeilowesha ili ikaze vizuri."

"Itakaza, mbona. Leo usiku. Kesho mchana utalala sakafuni."

Alikuwa sahihi. Kamba ya katani ikilowa hunenepa na kujifupisha. Ukiiwamba katika hali hiyo, ikikauka inarefuka na kitanda kinakuwa pembea. Fanya kinyume. Iloweshe kwanza, itundike kati ya miembe miwili, katikati ning'iniza ndoo ya mawe, iache ikauke juani siku mbili. Ikishanyooka na kukauka ndipo uiwambe.

Anza na nyuzi za urefu, kutoka kitakizo hadi kitakizo. Tengeneza kijiti kilichochongoka, ukishavuta kila uzi ukakaza, pigilia kijiti kwenye tundu kishike wakati unavuta unaofuata. Nyuzi za upana zisuke: juu ya mmoja, chini ya mmoja. Kazi hii haifai kufanywa na mtu peke yake. Mmoja anavuta, mmoja anashika kijiti, mtoto anapita chini na ncha ya kamba. Baada ya wiki mbili kamba itakuwa imelegea kidogo. Fungua fundo la mwisho, kaza kila uzi kwa zamu, funga tena. Mwambie jirani habari ya wiki mbili siku ileile anapochukua ufito, maana wengi hufikiri kitanda kimeharibika na kukigeuza kichanja cha kuku.

Vidogo, na vifaa vya kuazimana

Kigoda cha jikoni kifanye cha miguu mitatu. Sakafu zetu nyingi zina mabonde. Miguu mitatu haijui kuyumba, minne itakufanya ukate mguu mmoja leo, wa pili kesho, mpaka unakalia ubao mtupu. Urefu sentimita 25 hadi 30 kwa mtu wa kukaa mbele ya jiko la mkaa. Miguu iinamie nje kidogo, la sivyo mpishi akigeuka kuchukua chumvi anakwenda nacho.

Vifaa tunaazimana, na hapo ndipo urafiki mwingi hufia. Msumeno unaondoka na meno, unarudi na ufizi. Nimejifunza kuchoma alama yangu kwenye mpini kwa msumari wa moto, na kuazima pamoja na kazi: "Njoo nao hapa barazani, tukate pamoja." Kwa namna hii kifaa hakipotei na mimi naona anachokitengeneza. Msaragambo wa barabara, ile kazi ya pamoja, tunaujua. Wa mbao ni huohuo, mdogo tu. Patasi na randa noa kabla hujampa mtu, kwa kuwa kifaa butu ndicho kinachokata vidole: mtu anasukuma kwa nguvu, kinateleza.

Grinda iliyotiwa kisu cha mbao usiazime mtu, na wewe mwenyewe usiitumie. Ile mashine ilitengenezwa kwa chuma na vigae. Kisu chenye meno kikinasa kwenye fundo, mashine yote inaruka kuelekea kwako kabla hujafumba jicho. Ukiwa na kazi kubwa ya kukata, peleka mbao kwa seremala mwenye msumeno wa meza, umlipe kwa mkato. Unga wa mbao nao si vumbi la barabarani. Funga kitambaa puani, hasa ukipiga msasa mtiki.

Mafuta na nta

Sina mengi juu ya rangi. Oili chafu ya gari, ambayo wengi hupaka kila kitu, ibaki kwenye nguzo za uzio. Ina uchafu wa injini usiotakiwa kugusa ngozi wala chakula, kwa hiyo isiguse kitanda, kigoda wala kichanja cha vyombo. Ubao wa kukatia mboga, mwiko na mbuzi vipake nta. Handeni wana asali na wenye asali wana nta. Kipimo kimoja cha nta kwa vinne vya mafuta ya nazi, ukiyeyusha kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Paka ikiwa vuguvugu, subiri usiku mmoja, futa.

Ukitumia mafuta ya kitani badala yake, vitambaa ulivyopakia usivikunje ukavitupa kona ya chumba. Vinajipasha moto vyenyewe na vinaweza kuwaka bila kiberiti, kwa joto letu hasa. Vitandaze uani vikauke au vitie majini.

Ukiona unga laini umelala sakafuni chini ya kitundu kidogo, huyo ni bungua. Kitu kidogo kifunge kwenye nailoni nyeusi ukiache juani siku kadhaa za Januari. Ni dawa ya joto kama ile ya muhuri wa HT, tunaipata bure, ila kwa kitu kinene haifiki kiini. Mchwa hupanda kutoka ardhini kwa vijia vya udongo, kwa hiyo matendegu yaweke juu ya vipande vya kigae na uchungulie chini kila mwezi.

Siku ya kuonyesha

Kitu kikiisha, kabla ya kuwaita watu, piga picha mbili kwa simu. Ya kwanza kikiwa kimegeuzwa miguu juu, mwanga ukiingia kutoka ubavuni ili viungo vionekane. Ya pili iwe ya kosa: ufa, kabari, mahali ulipokata mara mbili. Ya kitu kizima kilichosimama utaipiga tu, huhitaji kukumbushwa.

Jirani akija, mkalishe juu ya hicho kitu. Akiuliza, kigeuze. Mwonyeshe ulimi unapoingia, mwambie mbao ilikauka wiki ngapi na ilinunuliwa wapi, mtajie kosa kwa sauti ya kawaida kama unavyotaja bei ya nyanya. Kisha mpe ufito, umwambie arudishe.

Ufito wangu wa kitanda umeshazunguka nyumba nne. Uliporudi mara ya mwisho ulikuwa na alama mpya upande wa matundu, imekatwa kwa kisu kisicho changu, sentimita tatu juu ya yangu, na kando yake mchoro mdogo wa mtu amelala. Sijui bado ni ya nani kati ya wanne hao. Jumamosi hii nakwenda nyumba hadi nyumba kugeuza vitanda.